Kuiga na Kutohoa: Wacherokee Mbele ya Utamaduni wa Wazungu wa Marekani

Katika isimu, neno la kigeni husemwa kuwa limetoholewa pale linapokubali kufuata kanuni za sauti na sarufi za lugha iliyolipokea. Neno "meza" lilitoka kwa Wareno na neno "shule" kwa Wajerumani, lakini hapana Mswahili anayeyatamka akajiona anasema lugha ya watu. Makala haya yanakusudia kulichukua wazo hilo la kutohoa na kulitazama nje ya msamiati, katika maisha ya taifa zima, yaani Wacherokee wa Amerika ya Kaskazini. Taifa hilo linafaa kuchunguzwa kwa sababu katika karne ya 19 lilihesabiwa na Wazungu wenyewe miongoni mwa makabila matano "yaliyostaarabika", na sifa hizo hazikulisaidia siku ya kufukuzwa ilipofika. Swali, basi, ni hili: katika yote yaliyopokewa, ni yapi yaliyotoholewa, na ni yapi yaliyoigwa tu?

Hali ilivyokuwa

Wacherokee walikaa katika milima ya kusini ya Appalachia, katika nchi ambayo leo imegawanywa baina ya majimbo ya North Carolina, South Carolina, Tennessee, Georgia na Alabama. Lugha yao ni ya jamii ya Kiiroquois, ingawa jamaa zake wengine wote wako mbali kaskazini. Koo zao zilikuwa saba, na mtu alikuwa wa ukoo wa mama yake. Mume alihamia kwa mkewe. Nyumba na shamba vilikuwa vya mwanamke. Na mjomba ndiye aliyekuwa na usemi mkubwa katika malezi ya watoto wa kiume. Wanaume waliwinda na kupigana, wanawake walilima. Mama wa kwanza katika masimulizi yao huitwa Selu, na neno hilo hilo, selu, ndilo jina la mahindi. Damu ikimwagika, haikuwa kazi ya hakimu kuilipiza. Ilikuwa haki na wajibu wa ukoo wa marehemu.

Wazungu walipofika, kilichowavuta kwanza ni ngozi za kulungu. Kwa muda mwingi wa karne ya 18 ngozi hizo zilipelekwa Charleston, na bunduki, shoka, blanketi na pombe zikarudi milimani. Ndui nayo ilikuja kwa njia hizo hizo: katika miaka ya 1738 na 1739 iliangamiza watu wengi mno, yamkini nusu ya taifa. Vita vya 1760 na 1761 dhidi ya Waingereza, kisha vya 1776 dhidi ya wanamgambo wa makoloni yaliyokuwa yakijitafutia uhuru, viliacha miji mingi ya Wacherokee majivu. Kwa hiyo Marekani ilipoundwa na kuanza kuzungumza habari za kuwastaarabisha wenyeji, ilikuwa ikizungumza na watu waliokwisha kupoteza mengi.

Plau na kitanda cha mfumi

Sera hiyo iliandikwa wazi katika Mkataba wa Holston wa mwaka 1791. Serikali ya George Washington iliahidi kuwapa Wacherokee zana za kilimo ili waache uwindaji na wawe wafugaji na wakulima. Msomaji atakayeyapima maneno hayo ataona ajabu yake. Wacherokee walikuwa wakulima tangu zamani. Mahindi, maharage na maboga ndiyo yaliyowalisha, wala si nyama peke yake. Lakini aliyelima alikuwa mwanamke, na kwa macho ya Mzungu wa wakati ule kilimo cha mwanamke hakikuwa kilimo. Alichotaka kubadili, basi, hakikuwa chakula cha watu hao bali mpango wa nyumba zao: mwanamume ashike plau, mwanamke aingie ndani asokote nyuzi, na shamba liwe la baba.

Matokeo hayakuwa kama yalivyotarajiwa. Wanawake ndio waliokuwa wepesi kuupokea mpango huo, kwa maana magurudumu ya kusokotea nyuzi na vitanda vya mfumi viliwapa nguo bila kumtegemea mwindaji wala mchuuzi wa ngozi. Hawakuacha kulima kwa sababu hiyo. Waliongeza kazi moja juu ya nyingine. Wanaume wengi walivutwa zaidi na ufugaji wa ng'ombe na nguruwe, ambao uliwaruhusu kuendelea kutembea msituni. Hapa pana mfano mzuri wa kutohoa. Kifaa kilipokewa, na maelezo yaliyokuja nacho yakaachwa mlangoni.

Sheria, katiba na watumwa

Katika mambo ya sheria na mali hali ilikuwa tofauti. Mwaka 1808 baraza la taifa lilipitisha sheria yake ya kwanza ya maandishi, iliyoandikwa kwa Kiingereza. Ilianzisha askari wa farasi wa kuwakamata wezi, na papo hapo ikalinda urithi wa watoto katika mali ya baba yao. Katika taifa ambalo mtoto hakuwa wa ukoo wa baba, sentensi hiyo fupi ilikuwa mapinduzi. Mwaka 1810 koo zilikubali kuiacha haki ya kulipiza kisasi cha damu. Mwaka 1827, huko New Echota, ikaandikwa katiba iliyofuata mfano wa ile ya Marekani: chifu mkuu, mabaraza mawili ya kutunga sheria, na mahakama. Haki ya kupiga kura ilipewa wanaume huru.

Wanawake walinyamazishwa kwa kalamu. Nanyehi, ambaye Wazungu walimwita Nancy Ward, alikuwa amepata cheo cha Mwanamke Mpendwa kwa ushujaa wake vitani, cheo kilichompa haki ya kusema barazani. Mwaka 1817 yeye na wanawake wenzake walipeleka ombi la kuwasihi wazee wasikate tena ardhi ya taifa na kuwapa Wazungu, nao walisema wakiwa mama wa nchi. Miaka kumi baadaye katiba haikuwa na nafasi ya sauti ya namna hiyo.

Yaliyo mazito zaidi ni habari za utumwa. Zamani mateka wa vita aliweza kuwekwa utumwani, lakini utumwa huo haukuwa nguzo ya kilimo. Mwanzoni mwa karne ya 19 jamaa chache tajiri, nyingi zikiwa na damu ya Kizungu, zilikwisha kuwa na mashamba makubwa ya namna ya Wazungu wa kusini, pamoja na watumwa Waafrika wa kuyalima. Nyumba ya matofali ya James Vann huko Spring Place, iliyojengwa mwaka 1804, ingali imesimama. Hesabu ya watu ya mwaka 1835 ilipata Wacherokee 16,542 na watumwa 1,592 katika nchi ya mashariki. Katiba ya 1827 ilimnyima cheo cha serikali mtu yeyote mwenye asili ya Kiafrika, akiwa wa damu hiyo kwa baba au kwa mama. Wanahistoria wengine wameeleza kuwa katiba hiyo ilikuwa ngao ya kuilinda ardhi, na maelezo hayo ni ya kweli kwa sehemu yake. Lakini kifungu hicho hakikulinda ardhi yoyote. Kiliigwa kama kilivyo, na waliokilipia ni watu ambao hawakuulizwa.

Alama za Sequoyah

Jambo ambalo mabwana wa sera ya ustaarabu hawakuliagiza ndilo lililofanikiwa kuliko yote. Sequoyah, aliyejulikana pia kwa jina la George Guess, alizaliwa yapata mwaka 1770 na mama wa ukoo wa Rangi. Alikuwa mfua fedha. Hakujua kusema wala kusoma Kiingereza, ila alikuwa ameona kwamba Wazungu hupelekeana maneno kwa karatasi, na hakukubali kwamba huo ni uchawi au kipawa cha rangi moja ya watu. Alianza kazi yake yapata mwaka 1809. Kwanza alijaribu kumpa kila neno alama yake, akaona alama hazina mwisho na kumbukumbu ya mtu ina mwisho. Ndipo alipoanza kuyasikiliza maneno vipande vipande, na kugundua kwamba vipande vyenyewe si vingi.

Kufikia mwaka 1821 alikuwa na alama 86, ambazo baadaye zilipungua na kuwa 85. Sita ni za irabu: a, e, i, o, u, na irabu ya sita itamkwayo puani, ambayo kwa herufi za Kilatini huandikwa v. Moja ni ya konsonanti s peke yake, kwa maana s ndiyo inayotangulia konsonanti nyingine mara kwa mara katika lugha hiyo. Zilizobaki, 78, ni za silabi wazi, konsonanti na irabu pamoja. Mwanafunzi wa Kiswahili hatapata taabu kuona kwa nini mpango huo unafaa: Kicherokee, kama Kiswahili, hupenda silabi iishie kwa irabu. Hesabu ya alama pia ilisaidiwa na uchache wa sauti za midomo, kwa kuwa lugha hiyo haina p, b wala f.

Umbo la alama lina funzo lake. Yasemekana Sequoyah alikuwa na maandishi ya Kiingereza yaliyochapwa, akayatazama pasipo kuyasoma. Katika jedwali lililochapwa, alama D husomwa a, R husomwa e, T husomwa i, W ni la, H ni mi, M ni lu, na Z ni no. Mtu ajuaye Kiingereza akiisoma karatasi ya Kicherokee kwa sauti za Kiingereza atatoa kelele tupu. Yafaa ikumbukwe pia kwamba alama za mkono za Sequoyah mwenyewe zilikuwa za mviringo na mikia zaidi. Zilikaribia sura ya Kilatini zilipotengenezwa herufi za chapa. Na ule mpangilio wa jedwali kwa irabu, a, e, i, o, u, v, ni wa mmisionari Samuel Worcester. Sequoyah alikuwa na mpangilio wake mwingine.

Alipoyaleta maandishi yake mbele ya watu alidhaniwa kuwa mchawi, na mapokeo yanasema aliwashawishi kwa kumtumia binti yake mdogo, Ayoka: baba akiandika maneno aliyoambiwa na wazee, binti akiitwa kutoka mbali na kuyasoma. Baada ya hapo elimu hiyo ilienea bila shule, bila mwalimu wa kulipwa na bila kitabu. Mtu mzima aliyeijua lugha yake aliweza kujifunza kusoma kwa siku au majuma machache, kwa kuwa alichotakiwa kukariri ni alama tu. Barua zikaanza kwenda na kurudi baina ya Wacherokee wa mashariki na wale waliokwisha kuhamia Arkansas.

Wamisionari walikuwa na mpango mwingine. Kitabu cha kufundishia kusoma Kicherokee kwa herufi za Kilatini kilikuwa kimechapwa mwaka 1819, na mwanachuoni John Pickering wa Massachusetts alikuwa ameanza kuandika sarufi ya lugha hiyo kwa tahajia yake. Kazi ya Pickering iliachwa njiani. Wenye lugha walikuwa wamekwisha kuchagua. Tarehe 21 Februari 1828 lilitoka New Echota gazeti la Cherokee Phoenix, likiwa na safu za Kiingereza na safu za Kicherokee, kwa herufi zilizosubuliwa Boston. Mhariri wake alikuwa Elias Boudinot, kijana Mcherokee aliyesomea Cornwall katika jimbo la Connecticut. Kabla ya mtu huyo kumwoa binti wa Kizungu wa mji huo mwaka 1826, wenyeji walichoma sanamu za wachumba hao hadharani. Na wenyeji hao ndio waliokuwa wamechanga fedha ili vijana wa namna yake wastaarabike.

Maandishi hayo yana upungufu, na si vizuri kuuficha. Hayaonyeshi toni wala urefu wa irabu, na kwa sehemu kubwa hayatofautishi konsonanti zenye mpumuo na zisizo nao, ingawa ga na ka, da na ta zina alama mbalimbali. Msomaji huyajaza hayo kutoka katika kichwa chake. Wajuao maandishi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ambamo i na e kwa kawaida hushiriki alama moja, na u na o vilevile, wataielewa hali hiyo. Maandishi ya namna hiyo hayamfundishi mgeni lugha. Humkumbusha mwenye lugha.

Maneno

Katika msamiati Wacherokee walionyesha ugumu unaopaswa kuheshimiwa. Maneno waliyoazima ni machache. Waga, ng'ombe, latokana na Kihispania vaca. Aghalabu, hata hivyo, kitu kipya kilipewa jina kwa kueleza kazi yake. Wakili ni ditiyohihi, yaani abishanaye tena na tena kwa makusudi. Na kwa taifa lililotumia miaka mingi mahakamani, jina hilo halina chembe ya mzaha. Habari ya nguruwe inafurahisha zaidi. Sikwa lilikuwa jina la oposumu, mnyama mdogo wa misitu ya Amerika abebaye watoto katika mfuko wa tumbo. Nguruwe wa Wazungu walipozagaa kila mahali walilitwaa jina hilo, na oposumu mwenyeji akabaki kuitwa kwa maneno mawili yenye maana ya nguruwe akenuaye meno. Mgeni alichukua jina, mwenyeji akaongezewa kivumishi.

Sarufi haikuguswa. Vitenzi vya kushika, kubeba na kupeana hubadilika shina kwa kufuata kitu kinachoshikwa: kilicho hai, kinachokunjika, kirefu kigumu, cha majimaji, au kisicho katika hayo. Wataalamu wa lugha za Kibantu, waliozoea ngeli zinazoonekana katika nomino, watapata hapa ngeli zilizojificha ndani ya kitenzi. Kila kitu kilicholetwa na Wazungu kilipaswa kwanza kupewa nafasi katika mafungu hayo matano ndipo mtu aweze kumpa mwenziwe.

Kufukuzwa, na baada yake

Jimbo la Georgia liliichukia katiba ya 1827 kwa sababu hasa ilikuwa katiba. Mwindaji angeweza kuambiwa asogee mbele. Taifa lenye mahakama na gazeti lilikuwa limetangaza nia ya kukaa. Dhahabu ilipatikana mwaka 1829. Mwaka 1830 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwahamisha wenyeji. Mwaka 1832, katika kesi ya Worcester dhidi ya Georgia, Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria za Georgia hazina nguvu katika nchi ya Wacherokee, na uamuzi huo haukutekelezwa. Tarehe 29 Desemba 1835 kikundi kidogo, akiwamo Boudinot, kilitia sahihi mkataba wa kuiuza nchi yote ya mashariki bila idhini ya serikali ya taifa. Chifu mkuu John Ross alipeleka malalamiko yenye sahihi zaidi ya 15,000. Seneti iliuthibitisha mkataba kwa kura moja ya ziada. Mwaka 1838 askari waliwatoa watu majumbani mwao, na katika kambi na safari ya kwenda magharibi inakadiriwa walikufa 4,000. Watumwa nao walikwenda kwa miguu njia hiyo hiyo. Boudinot aliuawa na watu wa taifa lake mwezi Juni 1839.

Huko magharibi kuiga kuliendelea kwa nguvu mpya. Shule mbili za juu, ya wavulana na ya wasichana, zilifunguliwa mwaka 1851, na katika ile ya wasichana Kicherokee hakikufundishwa. Maandishi ya Sequoyah yalifuata njia nyingine. Yalitumika katika sheria, Biblia, nyimbo za kanisani na hesabu za dukani, lakini yalitumika pia mahali ambapo mmisionari hakualikwa. Mtaalamu James Mooney alipofika kwa Wacherokee wa North Carolina, wale waliosalia milimani, mwaka 1887, alikutana na mganga Ayunini, asiyejua Kiingereza. Mganga huyo alimwonyesha daftari la kurasa zipatazo 240, nusu yake imejazwa kwa alama za Sequoyah: dua za kuponya, za kuwinda, za kupendwa, za kuzuia maadui. Chombo kilichozaliwa kwa kumtazama Mzungu akisoma kilikuwa kimegeuka sanduku la kufungia yale ambayo Mzungu alitaka yasahauliwe. Mooney alichapisha sehemu ya dua hizo mwaka 1891.

Huenda alama hizo zilivuka hata bahari. Mwaka 2002 wanahistoria wawili walidokeza kwamba maandishi ya silabi ya Wavai wa Liberia, yaliyobuniwa na Momolu Duwalu Bukele miaka ya 1830, yalipata wazo lake kwa mhamiaji Austin Curtis, aliyekuwa na asili ya Kicherokee na aliyeoa katika jamaa kubwa ya Kivai. Ushahidi wao ni wa mazingira tu, nao Wavai wana simulizi yao ya ndoto ya Bukele.

Serikali ya taifa ilivunjwa nguvu kwa sheria za Marekani kufikia mwaka 1906, ikafufuliwa kwa uchaguzi wa chifu mwaka 1971. Deni la utumwa lilikaa muda mrefu zaidi. Mkataba wa 1866 ulikuwa umewapa watumwa walioachwa huru na vizazi vyao haki ya uraia; mwaka 2007 kura ya wananchi iliwatoa; mwaka 2017 mahakama ya Marekani ikawarudishia haki; na mwaka 2021 mahakama kuu ya taifa lenyewe iliamuru maneno "kwa damu" yafutwe katika katiba.

Lugha, kwa upande wake, imo hatarini. Mwaka 2019 makundi matatu ya Wacherokee yanayotambuliwa na serikali ya Marekani yalitangaza hali ya dharura. Wasemaji waliobaki walikadiriwa kuwa 2,000 hivi, wengi wao wazee. Shule ya kuwalea watoto kwa Kicherokee ilifunguliwa Tahlequah mwaka 2001, na alama za Sequoyah zinaandikika katika kompyuta na simu. Lakini ule upungufu wa zamani umepata uzito mpya. Mtoto anayeanza lugha shuleni hana toni kichwani za kuijaza karatasi, naye mwalimu hawezi tena kumwambia asome kama asikiavyo nyumbani. Durbin Feeling, Mcherokee aliyeifia lugha hiyo hadi kufariki kwake mwaka 2020, alikwisha kuliona jambo hilo: katika kamusi yake ya 1975 kila neno limeandikwa kwa alama za Sequoyah, na kando yake limeandikwa tena kwa herufi za Kilatini, toni zikionyeshwa kwa tarakimu ndogo juu ya irabu.